Je, Ni Mashine Iliyomwua Mtoto?

Ndugu zetu, yako maneno ambayo mtu huyatamka mara moja katika kikao cha huzuni, kisha yeye huyasahau, lakini waliomsikia hawayasahau. Hutoka barazani yakaingia majumbani, yakahama mtaa huu hata mtaa wa pili, na huko yafikako huwa yamekwisha geuka hukumu. Makala haya tumeyaandika kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, nayo hayakutoka kinywani mwa mtu mwingine. Yalitoka kinywani mwetu.

Huko Likoni alizaliwa mtoto katika mwezi wa saba wa mimba. Aliishi siku tatu katika wadi ya watoto wachanga ya hospitali moja ambayo hatuitaji jina, akisaidiwa kupumua kwa mashine. Siku ya tatu pafu lake la kulia lilitoboka, hewa ikavuja ikajaa kifuani, na pafu likasinyaa. Madaktari walimtia mrija ubavuni ili kuitoa hewa ile, walakini mtoto hakuwahi. Tulikwenda kumzika, na baada ya maziko tuliketi barazani pamoja na babake. Akatwambia, na machozi yakimtoka, "Shehe, mwanangu hakufa kwa maradhi. Ni mashine iliyompasua pafu." Watu wote wakatugeukia sisi. Nasi, kwa kutaka kumpoza mwenzetu, na kwa kutolijua jambo lenyewe, tukatikisa kichwa tukasema, "Yako mambo yafaa kuachiwa Mwenyezi Mungu."

Katika nia yetu yale yalikuwa maneno ya tanzia. Katika masikio ya waliokuweko yalikuwa fatwa.

Miezi minne baadaye mwanamke kijana wa mtaa ule ule alijifungua kabla ya wakati wake. Mumewe ni baharia na alikuwa safarini. Muuguzi alipotaka kumtia mtoto mashine ya kupumulia, mama mkwe alisimama mbele ya kitanda akasema haiwezekani mpaka aulizwe Shehe. Wakatupigia simu. Wakati huo tulikuwa darasani baina ya Magharibi na Isha, na simu yetu tulikuwa tumeizima kama ilivyo ada yetu. Tulipotoka msikitini tukaona tumepigiwa mara kumi na moja. Tuliwajibu pale pale kuwa mtoto asaidiwe upesi, bila kungoja neno la mtu yeyote. Akasaidiwa. Yu hai leo, na mamake hututumia salamu. Lakini kila zitufikiapo salamu zile huona haya, kwani twajua kuwa kwa saa mbili mtoto yule alihangaika kuvuta pumzi kwa sababu ya neno letu la barazani.

Basi yatupasa tulirudie jambo hili kwa utulivu, na tuliulize kama lipasavyo kuulizwa. Swali ni hili: mtu akitoa msaada hali ya kuwa ajua kwamba msaada wenyewe huenda ukadhuru, kisha ukadhuru kweli, je, huyo ni mkosa? Na yule aachaye kusaidia kwa kuyaogopa madhara hayo, je, huyo amesalimika?

Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe, na asiyekifahamu hana haki ya kukihukumu. Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo. Kwa hivyo kabla ya kuandika neno lolote tulikwenda Kisauni kwa tabibu mmoja wa watoto wachanga, ambaye zamani alisoma chuoni kwetu, tukaketi mbele yake kama yeye alivyokuwa akiketi mbele yetu. Haya yafuatayo tumeyapata kwake na kwa waandishi wa elimu hiyo.

Mtoto awapo tumboni mapafu yake hayana hewa, yamejaa maji. Azaliwapo, maji yale huondoka na hewa huingia mahali pake. Pafu limefanywa kwa vifuko vidogo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna unyevu. Unyevu una tabia ya kushikanisha, kama karatasi mbili zilizoloa zinavyogandamana hata ikawa taabu kuzitenga. Kwa rehema zake Mwenyezi Mungu amejaalia pafu litoe utando laini, mfano wa sabuni, unaozuia vifuko visigandamane mtoto atoapo pumzi. Utando huo aghalabu hautoshi mpaka mimba ikaribie wiki ya 35. Mtoto azaliwaye kabla ya hapo huvuta pumzi ya kwanza kwa shida, na ya pili kwa shida kama ile ya kwanza, kwani kila atoapo pumzi vifuko hujifunga tena. Hufanya kazi ya kufungua mlango uliokwama, saa baada ya saa, mpaka nguvu zimwishe.

Sababu hii haikujulikana siku zote. Mwaka 1959 ndipo Mary Ellen Avery na mwenziwe Jere Mead, huko Boston, walipobainisha kuwa watoto waliokufa kwa maradhi haya mapafu yao yalikuwa yamepungukiwa na utando ule. Na kujua sababu hakukuwa bado kupata dawa. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto mwanamume, aitwaye Patrick, aliyekuja duniani wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa kilo mbili na kidogo. Babake alikuwa mtawala wa dola yenye nguvu na utajiri mkubwa, na matabibu walio bora walikusanyika. Tarehe 9 Agosti mtoto alifariki. Leo mtoto wa uzito ule, wa mvuvi au mchukuzi, akipata msaada mapema, ana matumaini ambayo mtoto wa Rais hakuwa nayo.

Miaka minane baadaye, mwaka 1971, George Gregory na wenziwe wa San Francisco walitangaza njia ya kumsaidia mtoto. Njia yenyewe ni kumpa hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko visijifunge atoapo pumzi. Katika watoto 20 waliokuwa katika hali mbaya, 16 waliishi. Tokea hapo njia hiyo imeenea ulimwenguni, na katika hospitali nyingi za nchi kama zetu ni chombo chepesi kueleza: mirija miwili mifupi huwekwa puani mwa mtoto, hupitishwa hewa iliyochanganywa na oksijeni, na mwisho wa mpira huzamishwa katika chupa ya maji. Kina cha mpira ndani ya maji, aghalabu sentimita 5 hata 8, ndicho kipimo cha msukumo. Mapovu yaonekanayo chupani yakitokota ni dalili kuwa hewa yapita. Mtoto aliyezidiwa zaidi hutiwa mpira kooni, na mashine ikampumulia.

Sasa tuje kwenye madhara. Msukumo ule ule unaofungua vifuko waweza kuvipasua. Vifuko vya pafu changa havilingani: vingine vimekwisha funguka, vingine vimeshikana. Hewa hufuata penye wepesi, na kifuko kilicho wazi huenda kikapanuka kupita kiasi chake hata kikatoboka. Hapo hewa hutoka nje ya pafu ikakaa baina ya pafu na ubavu, mahali pasipo na mlango, na kila pumzi ikaongeza nyingine. Pafu likabanwa likasinyaa, na ikizidi huusukuma hata moyo upande wa pili. Mtoto aliyekuwa akiendelea vyema hubadilika ghafula: rangi hugeuka, pumzi huenda mbio, upande mmoja wa kifua huwa juu kuliko wa pili. Tabibu aliye karibu huweza kumulika kifua kwa taa kali katika giza akaona upande mmoja waangaza kama fanusi, au akapiga picha ya eksirei, kisha akaitoa hewa kwa sindano au kwa mrija. Wakiwahiwa, wengi huokoka.

Na jambo hili, yafaa lijulikane, huwapata pia watoto wasiotiwa mashine yoyote. Mtoto aliyemeza kinyesi chake cha kwanza kikaingia mapafuni yumo hatarini. Hata aliyetimiza miezi yake, pumzi zake za mwanzo ni kali, na huenda zikamtoboa pafu.

Je, matabibu hawaijui hatari hii? Waijua na wameihesabu. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 610 waliozaliwa baina ya wiki ya 25 na ya 28. Nusu yao walipewa hewa ya puani tokea mwanzo, na nusu walitiwa mpira kooni wakapumuliwa na mashine. Waliotoboka mapafu katika kundi la kwanza walikuwa 9 katika kila 100, na katika kundi la pili 3 katika kila 100. Mtu akisoma hapo tu akafunga kitabu, atasema hewa ya puani ni balaa. Lakini walipohesabiwa waliokufa pamoja na waliobaki wakihitaji oksijeni kwa wiki nyingi, kundi la kwanza halikuwa katika hali mbaya kuliko la pili, na siku zake za kupumuliwa na mashine zilikuwa chache. Madhara yameongezeka upande mmoja na kupungua upande mwingine. Haya ndiyo mambo ya dunia hii: mara chache mtu huchagua baina ya hatari na usalama, na mara nyingi huchagua baina ya hatari na hatari.

Baada ya kulifahamu jambo, na tuingie katika hukumu yake.

Wako wasemao, "Lau wangemwacha na Mola wake." Maneno haya yaonekana kuwa ya uchaji, na ndani yake mna ghururi. Yachukulia kuwa kuacha si kitendo, na kwamba asimamaye kando mikono yake ni safi. Mtu akizama pale kivukoni Likoni, na wewe una kamba mkononi usiitupe, huwezi kusema kesho kuwa hukufanya kitu. Umefanya: umeacha. Na ukiitupa kamba, ukamvuta, ukamtegua bega, hatukudhani kuwa atakwenda kwa kadhi kukudai bega lake.

Atatujibu mwenye kupinga kuwa mfano wetu una upungufu, kwani bega si roho, na mtoto yule hakutoka na bega lililoteguka bali alitoka na sanda. Kweli, na hatutaki kulikwepa. Basi tuseme kamba yenyewe, katika kila watu mia waliovutwa kwa kamba hiyo, iliwasonga wachache wakafa, ilhali wengi wa wasiovutwa walizama. Je, tuitupe kamba au tuizuie? Mafaqihi wetu wametuwekea kanuni katika hili, nayo ni kuwa yakigongana madhara mawili na hapana njia ya kuyaepuka yote, huchukuliwa lililo jepesi ili kuzuia lililo zito. Kifo kinachokaribia kuwa yakini ni kizito kuliko hatari ya wachache. Asiyeitupa kamba ndiye aliyechagua zito.

Wala tusidanganywe na macho. Mtoto aliyetobolewa pafu twamwona, twamzika, twamtaja kwa jina la babake. Watoto waliookolewa na mashine ile ile hatuwaoni, ingawa twapishana nao kila siku. Wacheza mpira Mtongwe, wabeba misahafu yao kwenda chuoni Changamwe, na hakuna anyoshaye kidole akasema, "Yule ni wa mashine." Jambo likidhuru huwa na jina, likifaa husahauliwa. Mwenye kuhukumu kwa lile aliloliona peke yake huhukumu kwa nusu ya ushahidi, na kadhi wa namna hiyo hatungeliridhia hata katika kesi ya mbuzi.

Wako pia wasemao kuwa kushindana na maradhi kwa vyombo ni kushindana na kudura. Hawa twawakumbusha safari ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwenda Sham, karibu na mwaka 639 wa Miladi. Alipofika mpakani akaambiwa kuwa huko kuna tauni, akawashauri masahaba kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama aikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu, na Umar akamjibu kwa maana ya kwamba aitoka kudura yake akiiendea kudura yake. Maradhi ni kudura na dawa ni kudura. Aliyemuumba mtoto na mapafu mabichi ndiye aliyemuumba na mwanadamu mwenye akili ya kuzamisha mpira katika chupa ya maji. Na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu.

Kwetu sisi kudura ina mahali pake, na kuiweka pasipo mahali pake ndiko kulikotuharibia mambo mengi. Mahali pake ni baada ya juhudi. Mtoto akiwa yu hai na msaada upo, hapo si wakati wa kutaja kudura, ni wakati wa kukimbia. Mtoto akiisha fariki na juhudi imefanywa, hapo ndipo mahali pa kuitaja, ili moyo wa mzazi usijile wenyewe kwa "lau" na "lau". Sisi tumegeuza: twaitaja kabla ili tusiamke usiku, na baada ya kifo twaiacha, twatafuta wa kumlaumu.

Ama matabibu, tusidhaniwe kuwa twawapa ruhusa isiyo na mpaka. Sheria yetu imefarikisha. Yule ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo huwa dhamini wa alichokiharibu, hata kama nia yake ilikuwa njema. Yule aliye mjuzi, akafanya kwa idhini, na hakuvuka mpaka wala hakupuuza, hana dhamana ya matokeo yaliyo nje ya uwezo wake. Na aliye mjuzi akapuuza, ujuzi wake haumwokoi. Kwa hivyo mzazi aliyefiwa anayo haki ya kuuliza, na swali lake la haki si "Kwa nini mlimtia mashine?" Swali la haki ni hili: "Alipobadilika, nani alikuwa akimtazama? Aligundua baada ya muda gani? Vyombo vya kuitoa hewa vilikuwako?" Pafu kutoboka katika msukumo uliopimwa sawasawa ni hatari iliyomo ndani ya dawa. Pafu kutoboka usiku, na mtoto akakaa saa nzima bila ya mtu kumwona, hilo ni jambo jingine, na kuliita kudura ni kumsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wa waja wake. Tabibu hana haki ya kujifunika kwa kudura kuliko sisi.

Na juu ya tabibu iko haki nyingine, nayo ni kusema kweli mapema. Awaambie wazazi kabla ya kutia mashine, kwa Kiswahili kinachofahamika: mashine hii itamsaidia mtoto wenu, na yako madhara haya yaweza kutokea, na yakitokea tutafanya hivi. Asione kuwa kina mama wa Kisauni au Likoni hawatafahamu. Uvumi huzaliwa mahali ambapo kweli ilichelewa. Lau baba yule wa kwanza angelielezwa siku ya kwanza, asingelihisi siku ya tatu kuwa amefichwa.

Sasa tujielekezee wenyewe. Tajiri wetu akinunua mashine akaipa hospitali, hupigwa picha, na watu humwombea dua, nasi hatumkatazi kheri. Lakini tabibu wa Kisauni alitwambia kuwa mtoto aliye katika mashine ataka jicho la mtu kuliko mtoto mwingine yeyote, kwani chupa ya maji haiiti mtu. Ataka muuguzi aliyefundishwa, asiye na watoto wengi mno mikononi mwake, aliye macho saa nane za usiku. Hapana apigwaye picha kwa kulipa mshahara wa muuguzi wa usiku. Tuna mawakfu ya misikiti na ya visima. Je, hatuwezi kufikiri juu ya wakfu wa kuwasomesha wauguzi wa watoto wachanga kutoka bara yetu hii? Mashine bila ya mwangalizi ni chombo kilichotweka tanga bila ya nahodha, na kikizama watu huilaumu mashine. Wakati huohuo yatupasa kuidai serikali iwaajiri, kwani hiyo ni haki ya raia na si fadhila.

Tena kuna yale ambayo hayataki hata mashine. Mama mwenye dalili za kujifungua kabla ya wakati, akiwahi hospitali, aweza kupigwa sindano ambazo huyapevusha mapafu ya mtoto angali tumboni. Elimu hii si ngeni, ilitangazwa huko New Zealand na Liggins na Howie mwaka 1972. Na mwaka 2020 yalitoka matokeo ya uchunguzi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao Kenya yetu ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, pamoja na Bangladesh, India, Nigeria na Pakistan. Kwa kina mama 2,852, watoto waliofariki ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa chini ya 20 katika kila 100 kwa waliopigwa sindano hizo, na zaidi ya 23 kwa wasiopigwa. Lakini sindano hutaka saa nyingi kabla ya mtoto kuzaliwa, na saa hizo ndizo tuzipotezazo. Maumivu huanza alfajiri, tukasema ni ya kawaida. Adhuhuri tukangoja mume arudi kazini. Alasiri tukatafuta gari, na kwa mtu wa Likoni aendaye hospitali ya rufaa iliyo kisiwani aghalabu bado kuna foleni ya feri mbele yake. Akifika Magharibi mtoto yu njiani.

Na idhini ya mume, ambayo imefanywa kizuizi, tuiseme waziwazi. Mume akiwa baharini, au Dubai, au kazini bandarini, na mkewe au mwanawe yumo hatarini, haingojwi idhini ya mume, wala ya mama mkwe, wala ya Shehe. Roho haikuwekwa rehani kwa simu ya mtu. Waume na wawaambie wake zao leo, nao wakiwa na afya, kwamba likitokea jambo waende na wakubali lile ambalo wajuzi wameona lafaa.

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wazaliwao hai nchini Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Tumezika wengi wa namna hiyo, na kila mara twaitwa kusema neno. Hatuna budi kulijua tunalolisema.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tusilale. Baada ya kupata elimu hii tulirudi Likoni kwa baba yule wa kwanza. Tulikuwa tumejiandaa kumweleza yote haya: vifuko, msukumo, hesabu ya wachache na wengi. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shehe, ile karatasi ya kukubali mashine, ni mimi niliyetia sahihi."

Hapo tukafahamu tulichokuwa tumemfanyia. Siku ile barazani hakuwa akiishtaki mashine. Alikuwa akijishtaki mwenyewe, akitungoja tumtoe, nasi kwa neno letu tukamtia sahihi ya pili. Tulimwambia yako mambo yafaa kuachiwa Mungu, naye akasikia kuwa yeye hakumwachia. Miezi yote ile alikuwa akiilaumu mashine mchana, na usiku akijilaumu mwenyewe.

Hesabu ya watoto 610 haikumfaa kitu, wala haikupaswa kumfaa. Hesabu ni ya mwenye kuamua kabla, ili aamue sawasawa. Aliyekwisha fiwa hana mia wala elfu, ana mmoja tu aliyemkosa. Kwa hivyo tuliziacha hesabu, tukamwambia hivi: ulipotia sahihi ulikuwa na mtoto anayeshindwa kupumua na mlango mmoja wa kumsaidia, ukaufungua. Ulifanya lile ambalo sheria ilikutaka, na lile ambalo ubaba ulikutaka. Lililotokea baada ya hapo halikuwa mikononi mwako. Na sisi tulisema bila ya elimu, twakuomba msamaha.

Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mkewe atoke ndani, akatutaka tuyarudie maneno yale yale mbele yake, kwani naye alikuwa akijiuliza. Tukayarudia.

Jawabu letu basi ni hili. Atoaye msaada kwa elimu, kwa uangalifu na kwa ukweli si mkosa, hata msaada ukidhuru. Apuuzaye ni mkosa, ajapokuwa na chombo bora cha ulimwengu. Aachaye kusaidia kwa kuogopa lawama hakusalimika. Na asemaye juu ya jambo asilolijua, mbele ya watu wanaomwamini, huyo naye ana dhamana, nasi tumeanza kwa kujihesabu wenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu waliotangulia kuwa akiba ya wazazi wao, awape pumzi njema waliobaki, awape wauguzi wetu macho yasiyochoka, na atufundishe sisi kuuliza kabla ya kusema. Amin.